Picha za Tovuti Zenye Ukungu, na Mahali Ukungu Unapoingia

Picha ya tovuti hufika kwenye kioo cha simu ikiwa imepita mikono mitatu. Mkono wa kwanza ni wa aliyeipiga na kuiweka mtandaoni, wa pili ni wa seva na mitambo inayoisafirisha, wa tatu ni wa simu au kompyuta inayoionyesha. Ukungu, au chenga kama wengi wasemavyo, unaweza kuingia kwenye mkono wowote kati ya hiyo, na kila mkono una mipangilio yake. Anayehangaika na mwanga wa kioo ilhali picha ilibanwa njiani hapati nafuu. Anayefuta programu na kuipakua upya kwa sababu ya picha iliyowekwa ikiwa ndogo tangu mwanzo hupoteza bando juu ya kupoteza muda.

Kipimo cha kwanza hakigusi mpangilio wowote. Yatazamwe maandishi yaliyo kando ya picha. Maneno ya ukurasa hayasafiri kama picha. Husafiri kama herufi, na simu yenyewe huyachora yakifika. Kwa hiyo maneno yakiwa makali na picha ikiwa na ukungu, mara nyingi tatizo liko ndani ya picha au njiani. Vyote viwili vikififia, tatizo ni kioo au kompyuta. Tahadhari ni moja: maneno yaliyo ndani ya picha yenyewe, kama tangazo la kazi lililopigwa picha ubaoni au namba kwenye ramani ya utabiri wa upepo wa Ziwa Victoria inayotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ni sehemu ya picha na hufifia pamoja nayo. Hapo ndipo ukungu unapokuwa na gharama. Sura ya bwana harusi ikififia kidogo watu watamtambua tu, lakini 3 iliyogeuka 8 kwenye ramani ya upepo si jambo la kumwachia mvuvi akisie.

Kipimo cha pili ni kusubiri. Tovuti nyingi hutuma kwanza nakala ndogo sana ya picha, ikiwa na ukungu kwa makusudi, ili msomaji aone kitu wakati picha kamili inakuja. Penye mtandao wa 4G wenye nguvu, nakala hiyo hupita kabla ya kupepesa jicho. Mtandao ukidhoofika, hubaki kiooni hadi msomaji aamini kwamba ndiyo picha yenyewe. Jiji la Mwanza, kando ya ziwa hilo, lina sababu zake za pekee za udhaifu huo. Mawimbi ya simu hayapendi kupenya jabali, na nyumba nyingi za mji huu zimejengwa kati ya majabali na juu yake. Chumba kinachotazama mnara na chumba kilichojificha nyuma ya jiwe hupata mitandao miwili tofauti ndani ya nyumba moja. Safari ya majini ina yake pia: kadiri feri iendayo Nansio, kisiwani Ukerewe, inavyoacha minara ya bara, ndivyo picha zinavyozidi kukwama njiani.

Zaidi ya hapo, Mwanza haina mkongo wa bahari mlangoni pake. Nyaya za chini ya bahari hutua pwani, wa SEACOM ukiwa umefika Dar es Salaam mwaka 2009, na kutoka huko mawasiliano hupanda bara kwa nyaya za nchi kavu, ukiwemo Mkongo wa Taifa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ya Tanzania ilizorota hadi Kanda ya Ziwa, mbali sana na sakafu ya bahari ilikotokea hitilafu. Siku kama hiyo hakuna mpangilio wa kugusa. Dawa ni kusogea dirishani, kusubiri, na kuufungua ukurasa upya mtandao ukirudi.

Picha ikibaki na ukungu hata baada ya ukurasa kumaliza kufunguka, basi kuna aliyeibana. Kubana picha si kosa. Bila kubanwa, picha ya kawaida ya simu ingekuwa mzigo mzito mno kwa tovuti yoyote. Muundo wa JPEG, uliokubaliwa kuwa wa kimataifa mwaka 1992, huigawa picha katika vigae vya pikseli 8 kwa 8, kisha ndani ya kila kigae hutupa maelezo madogo ambayo jicho haliyakosi sana. Kikitupwa kidogo, hakuna anayegundua. Kikitupwa kingi, vigae vyenyewe huanza kuonekana, kingo za vitu hupata vumbi, na maandishi membamba huwa ya kwanza kuharibika. Mkazi wa Mwanza anaweza kuielewa kazi hiyo kwa viwanda vya minofu: sangara huingia mzima, mnofu ukasafirishwa, panki, yaani kichwa na mifupa, likabaki. Aliyepokea mnofu ng'ambo hana namna ya kumrudisha samaki mzima kutokana na alichonacho. Vivyo hivyo, hakuna mpangilio wa simu unaorudisha kilichotupwa wakati picha inabanwa. Kinachowezekana ni kuagiza nakala nyingine ambayo haikubanwa hivyo.

Kwa watumiaji wengi wa kando ya Ziwa, mbanaji ni kivinjari chenyewe, au brauza, kilichowekwa kiokoe bando na kisha kikasahauliwa. Mfano ulio wazi ni Opera Mini, iliyoanza Norway mwaka 2005 kwa ajili ya simu ndogo za wakati ule na bado ipo katika simu nyingi za Afrika Mashariki. Katika hali yake ya kuokoa data kwa kiwango cha juu kabisa, simu haiendi moja kwa moja kwenye tovuti. Seva za kampuni hiyo huufungua ukurasa kwa niaba ya mtumiaji, huubana pamoja na picha zake, kisha humpelekea mabaki. Mpangilio wa ubora wa picha uko kwenye menyu, sehemu ya kuokoa data, na una ngazi zake: picha kuzimwa kabisa, ubora wa chini, wa wastani na wa juu. Simu iliyonunuliwa ikiwa imetumika, au iliyopangwa na fundi kibandani, mara nyingi huwa kwenye ngazi ya chini bila mwenyewe kujua. Kuipandisha kutoka chini hadi juu ndiyo tiba ya malalamiko mengi ya ukungu, na hufanywa kwa miguso michache ya kidole.

Swali ni kama inafaa kuipandisha. Hesabu ya mfano husaidia. Ukurasa wenye picha 20, kila moja KB 250, hula MB 5. Picha hizo zikibanwa hadi KB 40 kila moja, ukurasa ule ule hula KB 800. Kwa bando la GB 1, tofauti yake ni kufungua kurasa 200 au kurasa 1,250. Kwa mwanafunzi anayesoma habari na matokeo ya mpira, ukungu kidogo ni bei halali. Kwa mnunuzi anayetazama nyavu, injini ya mtumbwi au kiwanja kinachouzwa Buhongwa, bei hiyo ni mbaya, maana ufa kwenye kifuniko cha injini ndicho kitu cha kwanza kinachopotea picha ikibanwa. Njia nzuri kuliko kupandisha na kushusha mpangilio kila siku ni kuwa na vivinjari viwili simuni: kimoja cha kubana kwa ajili ya kusoma, kingine kisichobana kwa ajili ya kununua, kazi na benki. Benki ina sababu ya ziada. Ukurasa unaopitia kwenye seva ya mtu wa tatu hufunguliwa huko kabla ya kufika kwa mwenye akaunti, na nywila haifai kuzungushwa njia hiyo.

Mtindo huu una umri mkubwa kuliko simu za mkononi za intaneti. Marekani katika miaka ya 1990, wateja wa AOL waliounganishwa kwa laini ya simu ya nyumbani walipokea picha zilizobanwa na kampuni hiyo kwa muundo wake wenyewe, na waliochoshwa na ukungu walilazimika kuingia kwenye mipangilio ya programu na kuzima ubanaji. Google nayo iliweka kiokoa data ndani ya Chrome ya simu mwaka 2014, ikakiita Hali Nyepesi mwaka 2019, kisha ikakiondoa kabisa Machi 2022 toleo la 100 lilipotoka. Hilo linafaa kukumbukwa kwa sababu maelekezo ya zamani bado yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na watu huendelea kutafuta ndani ya Chrome kitufe ambacho hakipo tena.

Kilichobaki kwenye simu za Android ni Kiokoa Data cha mfumo wenyewe, ndani ya Mipangilio, sehemu ya mtandao na intaneti. Hicho hakibani picha. Kazi yake kubwa ni kuzizuia programu zisitumie data zikiwa nyuma ya pazia. Hata hivyo baadhi ya tovuti na programu zikijua kwamba kimewashwa hutuma picha nyepesi zaidi, kwa hiyo inafaa kukizima kwa dakika moja na kulinganisha. iPhone ina hali ya data kidogo inayofanana nacho. Facebook Lite, iliyotolewa mwaka 2015 kwa ajili ya mitandao dhaifu, na Instagram zina mipangilio yao ya ubora wa picha na matumizi ya data ndani ya programu zenyewe. Kubadilisha kivinjari hakuzigusi kabisa.

Baada ya kubadilisha mpangilio wowote wa ubanaji, hufuata hatua ambayo wengi huiruka, wakahitimisha kwamba mpangilio haufanyi kazi. Kivinjari huweka akiba ya picha kilizokwisha kupokea ili kisizipakue tena. Mtu akipandisha ubora kisha akarudi kwenye ukurasa ule ule, anaonyeshwa nakala ya jana yenye ukungu kutoka kwenye akiba. Ni lazima akiba ifutwe. Katika Chrome njia ni kufungua menyu ya nukta tatu, kuchagua kufuta data ya kuvinjari, na kuacha alama kwenye picha na faili zilizohifadhiwa peke yake. Alama za vidakuzi na nywila ziondolewe kwanza. Asiyeangalia hapo hujikuta ametolewa kwenye kila akaunti, na mpangilio wa picha ukapewa lawama isiyo yake. Kwenye kompyuta ipo njia fupi: kubonyeza Ctrl, Shift na R kwa pamoja huulazimisha ukurasa mmoja kuletwa upya bila akiba. Ubaya wa kufuta akiba ni kwamba kurasa zote zitapakuliwa upya mara ya kwanza, kwa hiyo kazi hiyo ifanyike penye Wi-Fi ikiwezekana.

Kompyuta ina matatizo yake, na mengi ni ya kioo. La kwanza ni ukuzaji. Mtu akigusa Ctrl huku akizungusha gurudumu la kipanya, ukurasa hupanda hadi asilimia 125 au 150, na kivinjari hukumbuka kiwango hicho kwa tovuti hiyo hata kesho yake. Herufi huchorwa upya kwa ukubwa mpya zikabaki kali. Picha haina cha kuchorwa upya, hutanuliwa tu. Ctrl na 0 hurudisha ukurasa kwenye asilimia 100.

La pili ni idadi ya pikseli za kioo. Kompyuta mpakato nyingi za bei ya chini zina kioo cha pikseli 1366 kwa 768. Mfumo ukiambiwa utume picha ya 1024 kwa 768, kioo hutanua kila kitu, maneno na picha pamoja, na vyote huonekana kama vilivyopakwa mafuta. Hali hii hutokea sana baada ya fundi kuweka Windows upya na kusahau draiva ya michoro. Mipangilio ya kioo hufunguliwa kwa kubofya kulia mahali patupu kwenye skrini ya mwanzo, na kipimo sahihi ni kile ambacho Windows yenyewe imekiandikia kwamba kinapendekezwa. Kisipokuwepo kwenye orodha, inayohitajika ni draiva, na hakuna kivinjari kitakachoziba pengo hilo. Kwenye steshenari zenye vioo vya zamani vilivyounganishwa kwa waya wa VGA, kuna ukungu mwingine wa kivuli pembeni mwa kila herufi. Huo mara nyingi huondoka kwa kubonyeza kitufe cha kujirekebisha kilicho kwenye kioo chenyewe, au kwa kukaza waya.

Kuna fumbo moja ambalo huwakanganya hata wazoefu: picha ni safi kwenye kompyuta ya zamani lakini ina ukungu kwenye simu mpya ya bei kubwa. Sababu ni wingi wa pikseli. Picha yenye upana wa pikseli 400 ikiwekwa kwenye kioo cha pikseli 1366, huchukua sehemu ndogo ya upana na kuonekana kali. Ikijazwa kwenye upana wote wa simu yenye pikseli 1080, kila pikseli yake hulazimika kutanda pikseli 2.7 za kioo. Simu haina kosa. Picha ndiyo ndogo, na simu nzuri huufichua udogo huo. Kubonyeza picha kwa muda na kuchagua kuifungua katika kichupo kipya huionyesha peke yake kwa ukubwa wake halisi, na ikiwa ndogo hapo pia, msomaji hana la kufanya upande wake.

Jambo hilohilo huwapata wanaochukua picha kwenye matokeo ya utafutaji wa Google. Kinachoonekana kwenye orodha ni kijipicha, na anayekihifadhi amehifadhi kijipicha, mara nyingi chenye pikseli mia mbili au tatu tu. Inabidi kwanza kuifungua tovuti yenye picha yenyewe. Mafundi wa mabango wanaifahamu aibu hii. Picha ya pikseli 300 ikichapwa kwa upana wa sentimita 30 hupata pikseli 10 kwa kila sentimita, yaani vigae vya milimita moja vinavyohesabika kwa macho. Chapa nzuri ya picha ya sentimita 10 kwa 15 huhitaji takriban pikseli 1200 kwa 1800.

Kwa mwenye tovuti, awe na hoteli Capri Point au duka la dagaa linalouza hadi Lubumbashi, kazi huanza kwenye kamera. Lenzi ya simu iliyoshikwa na mikono iliyotoka kupanga samaki Mwaloni Kirumba hubeba utando wa mafuta, na utando huo hakuna programu inayouondoa; kitambaa kikavu cha pamba hutosha. Baada ya hapo, hatari kubwa kuliko zote ni WhatsApp. Picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kubanwa kabla haijaondoka simuni. Agosti 2023 kampuni ilianzisha chaguo la kutuma kwa ubora wa HD, na ubora wa kupakia unaweza kupangwa moja kwa moja kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data. HD ni nafuu, lakini nayo hubana. Njia inayoacha faili kama ilivyo ni kuituma kama hati badala ya picha, na kikomo chake cha GB 2 hakuna picha ya kawaida inayokikaribia. Mpiga picha akimtumia mwenye hoteli picha 30 kwa njia ya kawaida, mwenye hoteli akazihifadhi na kuzituma upya kwa fundi wa tovuti kwa njia ile ile, na mfumo wa tovuti ukazibana tena, picha imebanwa mara tatu kabla ya mgeni wa kwanza kuiona.

WordPress, inayotumika kujenga tovuti nyingi za biashara ndogo, ina tabia zinazofaa kujulikana. Hutengeneza nakala kadhaa za kila picha inayopakiwa, zikiwemo kijipicha cha pikseli 150 kwa 150, ya wastani isiyozidi pikseli 300 na kubwa isiyozidi 1024. Tangu mwaka 2016 hutumia ubora wa 82 kati ya 100 kwa nakala za JPEG, na tangu mwishoni mwa 2019 picha inayozidi pikseli 2560 hupunguzwa. Viwango hivyo havina ubaya. Kosa la kawaida ni la mkono: mtu anayeweka picha ukurasani huchagua ya wastani, kisha anaivuta pembe hadi ijaze upana wote. Picha ya pikseli 300 imekuwa shuka la kitanda cha watoto lililovutwa kwenye kitanda cha watu wazima. Suluhisho ni kurudi kwenye picha hiyo ndani ya mhariri na kuchagua nakala kubwa au kamili, bila kupakia chochote upya. Upana wa pikseli 1600 hadi 2000 hutosha kwa picha ya juu ya ukurasa. Zaidi ya hapo ni kumtwisha mgeni gharama ya bando bila faida. Ramani, nembo na matangazo yenye maandishi yahifadhiwe kama PNG, muundo usiotupa kitu, ili herufi zibaki na kingo zake.

Siku hizi zipo programu zinazodai kunoa picha iliyofifia, na matokeo yake huvutia. Zinachofanya ni kukisia: mahali palipopotea maelezo hujaza yanayofanana na picha nyingine ambazo programu hizo zimewahi kuziona. Kwa picha ya mandhari ya Jiwe la Bismarck haina madhara. Kwa namba ya gari, risiti, cheti au ramani ya upepo ni hatari, kwa sababu programu hutoa tarakimu kali, safi, na za kubuni. Penye ushahidi au usalama, kinachotakiwa ni faili la awali. Kwa kawaida lipo bado kwenye simu ya aliyepiga, na aombwe alitume kama hati mapema, kabla hajaanza kufuta picha ili simu ipate nafasi.